Kuta za chumba baridi zinatoa jasho, mashine haizimi. Nifanyeje?

Mkaapwani: Wakuu, habari za jioni. Nina chumba baridi cha samaki hapa Tanga, nyuzi 18 chini ya sifuri, mwaka wa nne sasa. Ni paneli za bati zenye povu gumu la poliyurethani katikati, unene sentimita 10. Tangu masika ianze, ukuta wa nje unatoa jasho, kona moja imeota barafu kwa ndani na mashine inanguruma usiku kucha. Uniti za Luku hazikai. Fundi anataka kupaka silikoni kwa ndani. Nimruhusu? Mle mna samaki wa watu, silali.

Fundi Majokofu: Pole sana ndugu yangu. Msimamishe kwanza. Mvuke hukimbilia kwenye baridi, na hewa ya pwani inausukuma kutoka nje usiku na mchana. Ukiziba ndani tu, unaufungia humo humo kwenye povu. Ziba viungo vya nje, pamoja na matundu ya mabomba na nyaya.

Mama Ujenzi: Naongezea. Vitundu vya povu jipya vina gesi inayozuia joto kuliko hewa. Gesi hiyo hutoka polepole, na joto huiharakisha. Huo ni uzee wa kawaida, bati za pande mbili zinauchelewesha. Maji ndiyo yanayoua. Yanapitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia, barafu zaidi ya mara 3 kuliko maji. Tena yakiganda yanajitanua na kupasua vitundu, kesho yanaingia mengi zaidi.

Mkaapwani: Kwa hiyo hiyo kona nikishaziba nje itakauka?

Fundi Majokofu: Haikauki, imefungwa bati huku na huku. Igonge: palipolowa hulia kwa uzito. Mimi niliwahi kufungua paneli moja iliyolowa Mombasa, ilikuwa nzito hadi tukaibeba watu wanne. Badilisha paneli hiyo.

Kijana wa Chuda: Bati la paa nalo limelala juu ya paneli? Linyanyue, hewa ipite. Jua la mchana linachosha povu na mashine pia.

Mkaapwani: Limelala, ndiyo. Na nimegonga: kona inalia nzito, hasa palipofungwa ndoano za mizani. Skrubu zimepenya hadi nje! Asanteni sana. Jirani amekubali kunihifadhia samaki, Jumamosi tunafungua.