Jiwe la Gangilonga: gumzo la kikundi cha mtaa

Mama Neema: Kamwene wapendwa. Rasimu ya kuboresha Gangilonga, jiwe letu kubwa hapa Iringa mjini, ndiyo hiyo nimeituma juu: ngazi za zege, vyuma vya kushikia vichimbiwe kwenye jiwe, taa, viti, jiko la nyama choma. Maoni mwisho Ijumaa.

Fundi Mawe: Kamwene mama. Vyuma visichimbiwe kabisa! Ukitoboa jiwe ukasimika nondo, mvua ya Desemba inaingia tunduni, chuma kinashika kutu, na kutu hunenepa kuliko chuma chenyewe. Inasukuma. Utaanza kuona ufa mwembamba kuzunguka tundu, halafu kipande kinabanduka. Ukiziba kwa saruji ndiyo umeyafungia maji ndani.

Balozi: Na watoto wakiteleza huko juu? Jumapili panajaa.

Fundi Mawe: Hoja ya kweli hiyo, balozi. Palipo tambarare weka vizuizi vya kusimama vyenyewe: vitako vizito vya zege, bomba za gavanaizi zimeviunganisha, kimo mita 1.1, mita 2 kabla ya ukingo. Chini ya kitako tandika mpira ili kisikwaruze. Penye mteremko kitako kitateleza, kwa hiyo hapo pafungwe, watu waishie chini yake. Tutapoteza kona moja nzuri ya kupigia picha. Mimi naikubali hasara hiyo.

Mama Neema: Jiko je?

Fundi Mawe: Lishuke chini kwenye udongo, mbali na jiwe. Moto unatanua ngozi ya jiwe, ndani bado baridi, linabanduka magamba kama kitunguu.

Dada Tumaini: Naongezea kuhusu kufuta majina yaliyopakwa rangi kwenye jiwe. Tafadhali asije mtu na brashi ya waya. Chembe za chuma zinabaki na kuacha madoa ya kahawia. Asidi ya chooni nayo inavuta madini ya chuma, jiwe linakuwa njano. Changanya udongo mweupe na dawa ya kuondoa rangi mpaka iwe kama ugali laini, paka unene wa sentimita 1, funika kwa nailoni saa chache, bandua, suuza kwa maji na brashi laini. Jaribu kwanza eneo la kiganja mahali pasipoonekana. Vaa glavu.

Balozi: Wazee na wenye viti vya magurudumu?

Dada Tumaini: Kupanda mita 1 kunataka njia ya mita 12, kwa hiyo kileleni haiwezekani bila kukata jiwe. Tuwajengee sehemu ya kutazamia mji hapo chini, njia ya moramu iliyoshindiliwa, upana mita 1.5, mgongo uinuke kidogo katikati maji yamwagike pembeni. Bila mgongo huo masika moja tu inaigeuza korongo.

Mama Neema: Na kibao cha historia?

Dada Tumaini: Kimoja, kwenye nguzo yake hapo chini. Kihehe kitangulie, maana jina lenyewe, jiwe linaloongea, ni la Kihehe. Kwamba Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikuwa akikaa pale kutafakari, kiandike kuwa ni simulizi ya wazee.

Fundi Mawe: Kabla ya jembe la kwanza, barua iende Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ipo. Mkichimba nguzo mkakuta vigae vya vyungu, simamisheni kazi, msivitoe shimoni.

Mama Neema: Nimeandika yote. Balozi, naomba saini yako kesho asubuhi.