Wauza majiko ya peleti, mnatuuzia moto bila kutuambia unavyowashwa wala unavyozimwa

Habari za humu. Leo nimekuja na hasira, anayetaka uzi wa kubembelezana apite.

Kuna duka pale Mbale mjini, jina silitaji maana sina pesa ya wakili, linauza majiko ya kupikia yanayotumia peleti, vile vipande vidogo vya vumbi la mbao lililoshindiliwa. Mnayajua: kopo la bati linalong'aa, feni ndogo chini, betri, swichi ya kuzungusha ubavuni na kipaneli cha sola cha kuchajia. Bei laki tatu na ushee. Muuzaji ana maneno anayowaimbia wateja wote: halina moshi mama, pika hata chumbani. Sasa mtu anakaa Kapchorwa, jioni baridi inashuka kutoka mlimani Elgon mpaka watoto wanagombania blanketi, halafu wewe unamwambia apike chumbani. Umemwambia jambo analolitamani mwaka mzima. Atakuamini, na mama yangu aliamini.

Jiko lenyewe silitukani. Makaa hayashikiki siku hizi, hasa tangu Mei 2023 Rais alipotoa amri ya kuzuia uchomaji wa makaa ya biashara huko Kaskazini. Mtu akihamia peleti simlaumu, mimi mwenyewe ndiye nililipia hili. Na majiko ya namna hii si ugeni Uganda. Kuna Mnorwei, Paal Wendelbo, aliyelifanyia kazi jiko lake la Peko Pe akiwa na wakimbizi hapa hapa nchini, miaka mingi kabla ya hawa wa bati linalong'aa. Teknolojia ni nzuri. Ninaowasema ni wanaoiuza kama wanauza ndoo.

Maana ndoo haihitaji maelezo. Hili linahitaji, na maelezo tuliyopewa ni haya: karatasi mbili za fotokopi, Kiingereza kitupu, zimekunjwa ndani ya boksi. Nimezisoma mwenyewe baadaye. Zinazungumzia tangi la kuhifadhia peleti, skrubu inayozisukuma zenyewe kwenye moto, kiwashio cha umeme, bomba la kupeleka moshi nje ya ukuta, kioo cha kufuta kila wiki. Wakuu, hilo ni jiko la kupasha joto nyumba, yale ya Ulaya na Marekani wanayoweka sebuleni wakati wa theluji! Jiko letu halina tangi, halina skrubu, halina bomba, halina kioo. Mtu alipakua maelekezo ya mashine nyingine kabisa kwenye intaneti, akapiga fotokopi, akatumbukiza kwenye boksi, akachukua hela.

Na humo ndani kuna sentensi inayosema hakikisha mlango umefungwa vizuri kabla ya kuwasha na muda wote jiko linapowaka. Kwenye jiko la Ulaya ni sawa, mlango ule wa kioo ukiwa wazi hewa inaharibika na gesi inarudi sebuleni. Letu halina mlango. Mpwa wangu, binti wa dada, yuko sekondari, S.4, na Kiingereza anakijua, alimsomea bibi yake kama kilivyoandikwa. Wakatazama jiko, hawakuona mlango. Mlango pekee uliokuwepo ni wa jikoni. Wakaufunga, na dirisha wakalifunga kwa sababu ya upepo.

Walipika maharage yakaiva, hakuna moshi kweli. Moto ulipoisha yakabaki makaa mekundu chini ya kopo, joto zuri, hayatoi harufu. Bibi akasogeza kigoda akae karibu. Kilichofuata ni kichwa kuuma, miguu kuisha nguvu, mtoto akaanza kutapika, na wote wawili wakidhani ni maharage. Mungu bariki majirani wanaoomba chumvi usiku. Yule mama alisukuma mlango, akawavuta nje, akaita boda. Hospitalini tabibu hata hakuuliza walikula nini. Aliuliza jiko la makaa, sigiri, lilikuwa ndani? Wakawekewa oksijeni. Wamepona wote, Alhamdulillah, ila bibi mpaka leo hataki kuliona.

Niongelee hili kidogo kwa sababu kila nikilisimulia kuna mtu ananiambia "lakini halikuwa na moshi". Ndiyo, halikuwa na moshi. Kinachoua hapo ni kaboni monoksidi, haina rangi, haina harufu, haikuwashi macho kama moshi wa kuni unaokufukuza mwenyewe jikoni. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo unavuta pumzi vizuri kabisa huku mwili unakosa hewa. Makaa yanayofuka taratibu bila mwali ndiyo yanayoitoa kwa wingi. Na jiko la peleti likimaliza kuwaka linakuachia nini? Makaa! Uzito wa peleti ulizotia, karibu moja ya tano inabaki makaa. Yaani muuzaji anakuuzia jiko badala ya sigiri, halafu mwisho wa kila mapishi anakuachia sigiri ndani ya nyumba bila kukuambia. Na wale mlionishauri niwape maziwa, maziwa hayafanyi chochote. Ni kutoka nje kwenye hewa, kisha hospitali, mara moja.

Nilishuka Mbale kudai. Nauli yangu, muda wangu (wanafikiri kila mtu wa Kapchorwa ni Cheptegei yule bingwa wa mbio, anashuka na kupanda mlima kwa kukimbia). Muuzaji akasikiliza, akajifuta mdomo, akasema: peleti zenu zilikuwa na unyevu, na feni hamkuzungusha mpaka mwisho.

Tuanze na unyevu. Peleti alituuzia yeye, kutoka kwenye magunia yaliyolazwa sakafuni barazani, mengine kaveera yake, ule mfuko wa plastiki, imechanika, msimu wa mvua. Peleti ni vumbi la mbao au maganda ya kahawa lililoshindiliwa na mashine, hakuna gundi. Likipata maji linavimba na kurudi kuwa vumbi. Ulaya peleti za daraja la kwanza unyevu hauruhusiwi kupita asilimia 10. Ukiivunja nzuri inakatika kwa mlio, mbovu inapinda na kumomonyoka vidoleni. Kwa hiyo kama zilikuwa mbichi, bwana, umejishitaki mwenyewe. Lakini hata zingekuwa kavu kama mfupa, makaa yangebaki na mlango ungekuwa umefungwa kwa karatasi yako.

Halafu hiyo ya kuzungusha feni mpaka mwisho ndiyo iliyonipandisha damu, kwa sababu ni uongo hatari, na naona wauzaji wengi wanairudia.

Jiko hili linawashwa juu. Unajaza peleti mpaka chini ya ile mistari ya matundu ya juu, usiyafunike, kwa sababu matundu hayo ndiyo mdomo wake. Unaweka juu vibanzi vikavu au maranda ya seremala, unawasha hapo juu, na feni iko kwenye kasi ya chini kabisa, au hata imezimwa kwa dakika ya kwanza. Joto linashuka polepole kwenye peleti, linazitoa gesi, gesi inapanda, inakutana na hewa ya matundu ya juu, inawaka. Unachokiona ni gesi inayoungua. Ukizungusha feni mpaka mwisho mwanzoni unaupuliza moto ambao haujashika, unazimika, huku peleti za juu zimeshapata moto na zinaendelea kutoa gesi isiyoungua. Hapo utaona moshi mweupe mzito. Moshi huo ni nishati inayotoroka na sumu inayobaki. Na mtu akiinama na kiberiti kuuwasha tena, unalipuka usoni. Nyusi za shemeji yangu ziulizeni.

Subiri mwali ufunike uso wote wa peleti, ndiyo upandishe feni kidogo kidogo, ndiyo uweke sufuria. Mwali ukiwa mrefu wa njano unaolamba ubavu wa sufuria na kuacha masizi, moto ni mkubwa kuliko hewa na nafasi iliyopo: punguza, au tazama kama majivu yameziba matundu. Mwali ukinguruma na kuruka juu ya matundu kama unataka kukatika, feni imezidi. Ukitaka posho (ugali) ivukike mwishoni, shusha feni, usiongeze peleti. Kamwe usimwage peleti mpya juu ya moto katikati ya mapishi, zinazima mwali na moshi unarudi. Jiko hili linajazwa mara moja, linawaka mpaka mwisho, linamwagwa, linaanza upya. Chakula kirefu kama maharage kinataka ujue hilo kabla, si baada.

Na sisi wa mlimani tuna letu. Hapa tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Alama ya feni waliyoipanga huko kiwandani si alama yangu. Lazima mtu ajue kusoma mwali, na kusoma mwali hufundishwi na fotokopi ya jiko la Italia.

Kuzima sasa, ambako hakuna anayekufundisha kabisa. Mwali ukiisha usiache kopo lilale ndani. Litoe nje kwa vishikio, yamwage makaa kwenye debe la bati lenye mfuniko unaobana, funika, yakose hewa yafe. Si ndoo ya plastiki, si kwenye jalala kavu, si chini ya kitanda eti yapashe joto. Makaa hayo ukiyafunika vizuri kesho unaweza kuyatumia kwenye sigiri, nje. Maji mengi usimwage ndani ya kopo lenye moto, bati linapinda na mvuke unakuunguza mkono. Na kupika kwenyewe ni barazani au jikoni penye mlango wazi na dirisha la upande wa pili wazi. Hata feni iwe nzuri namna gani.

Ninachodai si kikubwa. Sheria ya uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma ya mwaka 2017 inataka kitu kiwe cha kufaa kwa kazi uliyokiuzia. Jiko lenye maelekezo ya jiko jingine halifai. Weka karatasi moja, Kiswahili, Kupsabiny, Lumasaba, picha ziwe nyingi. Weka debe la kuzimia makaa ndani ya boksi, bati lake halifiki hata bei ya lile stika la dhahabu mlilobandika mbele. Na hayo maneno ya pika chumbani, ukiyarudia mbele yangu tutakutana kwa L.C., mwenyekiti wa kijiji.

NYONGEZA: Naona majibu yameanza. Anayesema nimeandika kama muuzaji wa gesi, gesi sina, nimerudi kwenye kuni na moshi wake, na sijafurahi.

Anayeuliza kama mafuta ya taa yanafaa kuwashia: kijiko kimoja kwenye vibanzi vikavu, kabla ya kiberiti, jiko likiwa baridi, wengine wanafanya hivyo. Petroli hapana, kamwe. Na mafuta yoyote kwenye peleti ambazo zimeshapata joto hapana, hata kama unaona moto umekufa. Maranda yanatosha, kwa seremala unapewa bure.

Uliyeleta video ya mzungu anayejaza tangi halafu anaenda kulala, rudi juu usome tena. Lile lina bomba linalotoka nje ya ukuta.

Kwa Mama wa Sironko ambaye umeme wa sola unamwishia katikati ya mapishi: feni ikisimama huku peleti zinawaka, moshi utajaa papo hapo. Toa sufuria, toa jiko nje kama linashikika, kama halishikiki toa watu. Chaji betri mchana, usianze maharage ya saa mbili na taa nyekundu.

Ila na mimi nina swali, mwenye jibu aliweke hapa. Feni yangu imeanza kukwaruza, ni ya volti 12, inafanana kabisa na zile za kompyuta. Duka linasema spea hawana, ninunue jiko jipya. Kuna aliyefungiwa ya kompyuta na fundi ikakubali, au inayeyuka kwa joto?