Naomba ushauri: kuhamisha RAID 5 kwenda RAID 6 kwa mdadm bila kupoteza data

Habari zenu, ndugu wataalamu.

Ninasimamia seva ya Linux yenye diski tatu za terabaiti 4 kila moja, zilizounganishwa kwa mdadm (programu ya Linux ya kuunganisha diski kadhaa ziwe kama moja) katika RAID 5, mpangilio unaostahimili kufa kwa diski moja tu, hivyo nafasi inayotumika ni terabaiti 8, na juu yake kuna LVM (mfumo wa kuigawa nafasi hiyo katika volyumu) pamoja na mfumo wa mafaili wa ext4. Nimepata diski ya nne ya ukubwa uleule. Ningeweza kuongeza nafasi hadi terabaiti 12, lakini nimeona ni heri kubaki na 8 katika RAID 6, ili hata diski mbili zikifa kwa pamoja kumbukumbu za watu zisipotee.

Amri ninayokusudia kuitumia, baada ya kuiingiza diski mpya kwa --add, ni hii:

mdadm --grow /dev/md0 --level=6 --raid-devices=4 --backup-file=/root/md0.bak

Faili hilo la akiba liko kwenye diski ya mfumo, nje ya md0, yaani nje ya diski hizo zilizounganishwa. Kinachonitia hofu ni umeme, ambao hapa hukatika mara kwa mara, na UPS yangu (betri ya dharura) haihimili zaidi ya nusu saa, ilhali kazi hii itachukua siku kadhaa. Je, seva ikizimika katikati, inatosha kuiunganisha md0 upya kwa --assemble nikitaja faili lilelile? Na je, niziondoe volyumu za LVM kwenye matumizi kwanza, au watumiaji waendelee na kazi?

Nakala kamili ya data ninayo kwenye diski ya nje, na nimeihakiki.