Baba ni mkusanyaji au nyumba imemshinda? Naomba ushauri

NyarMigosi
Hamjambo wenzangu. Baba yangu ana miaka 71, mstaafu, anaishi peke yake hapa Kisumu. Nyumba ya vyumba vitatu imejaa santuri, redio za zamani, magazeti, madebe na mifuko. Ukimgusia anasema ni mkusanyo wake. Je, kukusanya kwa mapenzi kunavuka mpaka wapi? Naomba majibu kabla ya Jumamosi.

SanturiZiwani
Dada, hizo santuri zimewekwaje? Zikilazwa moja juu ya nyingine, za chini hupinda kwa uzito, na joto la Kisumu humalizia kazi. Zisimame wima, zibanane kiasi ambacho kidole bado kinapita, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Zile ndogo za 45, yaani mizunguko 45 kwa dakika, huoshwa kwa maji safi yenye tone la sabuni ya vyombo, bila kulowesha karatasi ya katikati. Zile nzito za 78 za zamani ni za shelaki, utomvu mgumu, si plastiki: usizifute kwa spiriti hata kidogo, spiriti huyeyusha shelaki na mlio unapotea papo hapo.

MuuguziNakuru
Ameuliza mpaka, tumjibu mpaka. Hauko kwenye idadi. Mtu anaweza kuwa na santuri elfu tano akawa mzima kabisa, kwa sababu anajua kila moja iko wapi, anazionyesha wageni, na yuko radhi kubadilishana. Anayelimbikiza hawezi kutupa hata risiti ya sukari bila kuumia moyo, na vitu vinachukua nafasi ya maisha yenyewe. Kitanda kinalalika? Jiko linapikika? Mlango wa nyuma unafunguka? Madaktari wa akili Marekani waliupa ugonjwa huu jina lake peke yake mwaka 2013. Kabla ya hapo ulihesabiwa chini ya maradhi mengine. Wataalamu hutumia picha 9 za chumba kimoja, kuanzia kilicho wazi hadi kilichofurika. Chumba kikifanana na picha ya 4 au zaidi, mwenyewe anahitaji msaada.

Sasa nami nikuulize: Jumamosi kuna nini?

MzeeBondeni
Mtoto hahesabu vitu vya baba yake akiwa hai. Vijana wa leo wanaona uchafu pale wazee walipoona akiba.

NyarMigosi
Shikamoo mzee. Kitanda hakilaliki, Baba analala kwenye kiti. Mlango wa nyuma haufunguki tangu mwaka jana.

MuuguziNakuru
Na Jumamosi?

NyarMigosi
Baba anakwenda matangani Siaya. Nimeongea na mnunuzi wa skrapu, kanta, lori dogo, itafika saa tatu asubuhi ibebe kila kitu. Arbuni ya elfu tano nimeshapokea. Baba hajui. Naomba msinihukumu: jiko la mafuta ya taa liko nusu mita kutoka rundo la magazeti linalonifika kifuani. Nikingoja akubali, tutamzika.

FundiKondele
Hofu ya moto ni ya kweli, lakini kanta sio jibu lake. Kwanza, Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inamtaka mnunuzi awe na leseni. Uliza leseni kabla ya kugusa hela yake. Pili, runinga za kichogo, kama zimo: kioo chake kina madini ya risasi, na vijana wakiivunja kutafuta waya wa shaba, sumu inabaki uani kwenu. Tatu, redio za valvu, zile zenye taa za kioo ndani, zina thamani kwa wanaozijua, ila usichomeke yoyote kwenye umeme kuipima. Kapasita zake, vile vipande vinavyohifadhi umeme, zimekauka. Fundi hupitisha umeme kwanza kwenye balbu ya wati 60 iliyounganishwa mfululizo, yaani kwenye njia moja na redio. Balbu ikiwaka kwa nguvu na isififie, kuna shoti ndani. Mawe ya redio (betri) yaliyovuja yatolewe kwa glavu.

MuuguziNakuru
Kufagia kwa siri ndilo kosa linalorudi zaidi. Chumba hujaa tena, na safari hii mwenyewe anafunga mlango kwa kufuli. Ilianza lini?

NyarMigosi
Santuri alikuwa nazo tangu sijazaliwa. Hayo mengine ni baada ya Mama kufariki, 2016. Lakini jamani, mimi ndiye ninayeamka usiku nikiwaza moto.

Mashaka254
Hadithi hii imetungwa. Mwanzo ni mkusanyo, kisha moto, sasa marehemu. Na skrapu gani hulipa arbuni kwa magazeti? Piga hesabu kabla ya kumlilia.

FundiKondele
Arbuni ni ya shaba na redio, magazeti yanabebwa tu. Na hesabu inakubali: chumba cha mita 3 kwa 3 kilichojaa magazeti hadi kifuani kinapita tani mbili bila shida.

Mashaka254
Basi atuonyeshe kitu kimoja ambacho mtunzi hawezi kukibuni.

NyarMigosi
Baba ana daftari la santuri, jalada jeusi, mistari ameipiga kwa rula. Nanakili ukurasa wa mwisho: "1411. 45. Benga. Upande A safi. Kibuye, sh 40." "1412. 45. Benga. Upande B umekwaruzwa mwanzoni. Zawadi." Halafu "1413", na mbele yake hakuna neno. Ni mwaka ule ule, 2016.

SanturiZiwani
Huyo ni mkusanyaji, dada. Kanta isiguse hata moja.

MuuguziNakuru
Ndani ya nyumba moja kuna mambo mawili, na daftari linakuonyesha yalipoachana. Anza na jiko: leo hii, ukiwa naye, sogeza rundo mpaka pawe na mita moja wazi pande zote. Usiseme kutupa, sema kusogeza. Kesho njia ya mlango wa nyuma, upana wa mabega. Kisha aina moja ya vitu kwa nusu saa, yeye mwenyewe akiamua kila kimoja. Mifuko ya nailoni kwanza, haina kumbukumbu nyingi. Vizito vishuke sakafuni. Ukiinua magazeti, tazama chini kama kuna vijia vya udongo vya mchwa. Na mpeleke kliniki ya akili, hospitali ya Jaramogi, wampime na kumbukumbu pia, kwa sababu kulimbikiza kunakozidi uzeeni huenda kukawa dalili ya ubongo.

NyarMigosi
Kanta nimeiahirisha, sijaifuta. Arbuni iko kwenye bahasha. Nimesogeza magazeti ya jikoni. Baba alisimama mlangoni akihesabu mafungu kwa sauti, hakunizuia. Nimemwuliza 1413 ilikuwa santuri gani.

SanturiZiwani
Alikujibu?

NyarMigosi
Ameenda kuitafuta.