Wiki moja Grenada na bibi wa miaka 71: twende wapi?

Kutoka: Mama Pacha, Leicester

Jamani, assalaam aleikum na hamjambo nyote. Mume wangu kapata likizo Agosti, tumekata tiketi za Grenada, kile kisiwa cha Karibi, watu watano: sisi wawili, pacha wa miaka tisa, na mama yangu ambaye yuko kwangu tangu Mei. Mama ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na hataki kabisa mambo ya kulala kwenye kitanda cha ufukweni siku nzima. "Bahari nimeiona Tanga," ndivyo anavyosema. Kuna aliyewahi kufika? Kuna nini cha kufanya, na kipi tukiache?


Kutoka: Mla Karafuu, Birmingham

Kisiwa cha viungo! Yaani mama wa Tanga akae ndegeni kwa muda wa saa tisa akalipe kiingilio aonyeshwe mdalasini. Sisi Wapemba tungefungua biashara zamani.


Kutoka: Shangazi wa Brampton

Mla Karafuu, nyamaza kidogo, hujafika.

Mama Pacha, mimi nimekwenda mara mbili, mpwa wangu alikuwa anasomea udaktari kule. Mara ya kwanza nilikosea: siku tano nzima nimekaa Grand Anse. Ni ufukwe mzuri, mchanga mweupe kama kilomita tatu hivi, lakini mtu aliyekulia Diani au Tanga hauwi mgeni kwake. Kisiwa kiko nyuma ya ufukwe, kule milimani na kwenye miji midogo ya pwani ya magharibi. Mpangoni wako, ufukwe upe siku mbili tu.

Mpeleke mama Gouyave. Ni mji wa wavuvi, na pana ghala la zamani la mbao la ushirika wa kungumanga. Mla Karafuu, kungumanga, si karafuu! Ndiyo iliyochorwa kwenye bendera yao. Utakuta kinamama wamekaa wanachambua mbegu kwa mkono, magunia yamepigwa chapa za nchi zinakokwenda. Mbegu zilizokwisha kubanguliwa wanazitia majini: inayozama ni nzuri, inayoelea ni nyepesi, inatengwa. Na basibasi! Mimi nimeinunua dukani miaka yote, imekauka, rangi ya udongo. Kule mwenyeji alinipasulia tunda bichi mkononi, nikaiona basibasi imeikumbatia mbegu, nyekundu kama rangi ya mdomo. Nilinyamaza. Hawatupi kitu: nyama ya tunda ni jemu na sharubati, maganda ya mbegu wanayamwaga uani na kwenye vijia, ukitembea yanalia kwa kukatika chini ya viatu.

Muulize mzee yeyote pale habari za Ivan. Kimbunga hicho kilipiga Septemba 2004, na kabla yake Grenada ilikuwa ya pili duniani kwa kungumanga, nyuma ya Indonesia. Mikungumanga mingi ililala chini kwa siku moja, na mti huo ukipandwa unangoja miaka saba hivi kabla ya kuanza kuzaa. Ndiyo maana wengi waligeukia kakao. Kwa hiyo mkipata nafasi nendeni Belmont, shamba la kakao upande wa kaskazini. Watoto watapenda: kakao imeanikwa juani, na wafanyakazi wanaivuruga kwa miguu, wanapita katikati yake wakiburura nyayo ili ikauke sawasawa.

Kuhusu magoti ya mama: maporomoko ya Annandale yako karibu na barabara, njia imetengenezwa, anaweza. Vijana wa pale hujirusha kutoka juu, halafu wanakuja kuomba cha mkononi, mkishawatazama, wapeni. Maporomoko ya Seven Sisters yaacheni kabisa, ni tope na mteremko. Ziwa la Grand Etang liko juu milimani, ndani ya volkeno iliyozimika, gari linafika. Kuna nyani wadogo wa mona ambao asili yao ni Afrika Magharibi, waliletwa enzi za meli za watumwa. Siku yangu hawakutokea hata mmoja. Baridi ilitokea, beba mtandio.

Pacha wapeleke ghuba ya Molinere. Tangu 2006 msanii Jason deCaires Taylor amezamisha sanamu chini ya maji, si kina kirefu, na asiyejua kuogelea anapanda boti yenye kioo chini. Kuna duara la watoto walioshikana mikono, limeota matumbawe. Watu wengi huona pale watoto waliotupwa kutoka kwenye meli za watumwa. Wakikuuliza, jitayarishe na jibu.

Sasa ya mfukoni. Dola yao ni ya Karibi ya Mashariki, 2.70 kwa dola moja ya Marekani, haibadiliki. Kabla hujapanda teksi uliza: dola ipi? Mimi niliambiwa "arobaini", nikatoa arobaini za kule kwa madaha, kumbe mwenzangu anahesabu za Marekani. Tulibishana mpaka abiria wengine wakaingilia. Siku iliyofuata nikahamia mabasi madogo, na sikurudi nyuma. Yana namba kiooni, namba 1 ndiyo ya Grand Anse. Muziki juu, kondakta anakupanga mpaka upumue kwa zamu, na ukitaka kushuka unagonga bodi. Watu wa Likoni hamtahitaji mafunzo. Ila jioni yanapungua mapema, na Jumapili ni ya kubahatisha.

Na salamu! Ukipanda basi au ukiingia dukani, salimia kwanza watu wote, ndipo useme shida yako. Waingereza wanaonekana hawana adabu kwa hilo tu. Mama yako atapendwa.


Kutoka: Mla Karafuu, Birmingham

Haya, kwa basibasi nimesalimu amri. Lakini chakula je? Nimesikia chakula chao cha taifa kina nguruwe.


Kutoka: Shangazi wa Brampton

Swali zuri, nilisahau. Kinaitwa oil down. Ni shelisheli, ndizi mbichi, majani ya magimbi, manjano na tui la nazi, vyote sufuria moja. Mara nyingi wanatia mkia wa nguruwe wa chumvi, kwa hiyo msile kwa kukisia. Semeni mapema mnataka cha samaki wa chumvi au kuku, wanapika, hawashangai. Ijumaa usiku Gouyave wanafunga vichochoro na kuchoma samaki mpaka usiku mwingi, hapo hamna wasiwasi, ila chunguzeni lile jiko linalochanganya na nguruwe. Kwa wanaokunywa (siwataji, mnajijua): kiwanda cha River Antoine kinasaga miwa kwa gurudumu la maji tangu 1785, na ramu yao kali ya asilimia 75 hairuhusiwi ndegeni. Kwa hiyo usije na ahadi za zawadi.


Kutoka: Fundi Mlamu, Rotterdam

Naongeza moja. Pandeni feri ya Carriacou, kisiwa dada, kama saa mbili kutoka bandari ya St. George's. Mimi nimetokana na watu wa majahazi, nikaenda kijiji chao cha Windward kwa sababu hiyo tu. Bado wanaunda mashua za mbao ufukweni, hapo hapo chini ya miti, na UNESCO iliuingiza ufundi huo kwenye orodha yake 2023. Nilisimama na fundi mmoja nusu siku. Hatukuwa na maneno mengi, tulikuwa tunaonyeshana mataruma, zile mbavu za mashua, kwa kidole. Wana pia ngoma kubwa ya mababu, yenye midundo ya kila taifa walikotoka, na mmoja wapo ni wa Kongo.

Lakini jueni: kimbunga Beryl kilikipiga kisiwa hicho tarehe 1 Julai 2024, nyumba nyingi sana ziliharibika. Pigeni simu kabla kuuliza malazi. Fedha zenu zinahitajika kule kuliko Grand Anse.


Kutoka: Baba Mkubwa, Reading

Mimi ni mtu wa makaratasi, mnisamehe.

Agosti ni msimu wa vimbunga, bima iseme wazi kwamba inalipa safari ikivunjika. Pia Jumatatu na Jumanne ya pili ya mwezi huo ni kanivali yao kubwa, Spicemas, vyumba vinapanda bei. Alfajiri ya Jumatatu watu hujipaka mafuta machafu ya injini, pembe kichwani, minyororo mkononi. Ni ukumbusho wa utumwa na dhihaka kwa mabwana, si mashetani, mwelezeni bibi mapema. Nguo nyeupe ziacheni sandukuni.

Nguo zenye madoa ya jeshi ni marufuku nchini, hata kaptura ya mtoto. Plagi ni zile zile za pini tatu za Uingereza. Bibi aje na kadi ya homa ya manjano, na viza yake ya Uingereza ihakikishwe inaruhusu kutoka na kurudi. Msikubali tiketi ya kupitia Marekani kwa sababu ya bei, hata kupita tu uwanjani atadaiwa viza.

Na ufukweni kuna mti uitwao manchineel, una vitunda vya kijani kama tufaha dogo. Utomvu wake unaunguza ngozi. Mvua ikinyesha msijifiche chini yake, na pacha wasiokote kitu.


Kutoka: Mama Pacha, Leicester

Mungu awalipe. Nimemsomea mama yote kwa sauti. Ugomvi wa teksi umemchekesha, Carriacou kasema twende, mti kasema atausimamia yeye. Ana swali moja tu kwa Shangazi: hilo shelisheli, wanalichoma au wanalichemsha?


Kutoka: Shangazi wa Brampton

Vyote viwili. Lakini kwenye oil down linapangwa kwenye sufuria na kuchemka katika tui mpaka tui lote linywewe, yabaki mafuta ya nazi chini ya sufuria, na ndiko jina lilikotoka. Mwambie asikoroge, watamkemea.