Pedali za wati zinasoma nusu kwenye kompyuta mpya ya baiskeli

GiaNdogo:
Wakuu, habari zenu. Nina pedali za kupima wati, zenye sensa kushoto na kulia. Kompyuta ya zamani ilikuwa inapokea ANT+ (mawimbi ya redio ya sensa za michezo) peke yake na namba zilikuwa safi. Hii mpya inapokea ANT+ na Bluetooth, na vurugu zimeanzia hapo. Treina (kifaa cha kuendeshea baiskeli ukiwa ndani) ikishika wati 200, kompyuta inacheza kati ya 95 na 105. Uwiano wa kushoto na kulia hauonekani, ni vistari tu. Kuna wakati haizioni pedali kabisa, inatafuta weee mpaka inakata tamaa. Betri ni mpya, sifuri nimeweka (pedali zisome sifuri zisipokanyagwa), famuwea, yaani programu ya ndani ya pedali, ni ya karibuni. Nianzie wapi kabla sijazirudisha?

FundiSpoki:
Usizirudishe. Sensa mbovu mara nyingi hutoa namba za ovyo, mara 170, mara 240, mara sifuri. Nusu inayobaki nusu maana yake kompyuta inausikia mguu mmoja tu.

Kwenye ANT+, pedali moja (kwa kawaida ya kushoto) hupokea data ya mwenzake, hujumlisha, kisha hurusha jibu moja. Kwenye Bluetooth, baadhi ya pedali zina namna mbili za kurusha: jumla kupitia pedali moja, au kila pedali kivyake kwa ajili ya programu zinazojua kuziunganisha. Kompyuta yako inaelekea imeshika moja ikaridhika. Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Futa pedali zote kwenye orodha ya sensa za kompyuta. Usizime tu, futa kabisa.
2. Zima Bluetooth ya simu, halafu zungusha pedali ziamke.
3. Ongeza sensa upya. Pedali zilezile zitajitokeza mara mbili au tatu, kwa hiyo soma aina ya mawimbi kabla ya kukubali. Chukua ile ya ANT+.
4. Andika tena urefu wa krenki, ule mkono unaobeba pedali. Ukifuta sensa, kompyuta nyingi hurudi kwenye 172.5 mm bila kukuuliza.
5. Weka sifuri, viatu vikiwa nje ya pedali.

Ukiona nusu hata kwa ANT+, basi pedali ya kulia haizungumzi na ya kushoto. Hapo toa betri ya kulia na usafishe vibati vinavyoigusa. Kuna betri za CR2032 zilizopakwa kitu kichungu ili watoto wasizimeze, na ule utando wakati mwingine huzuia umeme kupita vizuri. Ifute kwa spiriti.

MteremkoMkali:
Si ni zile za upande mmoja? Kuna kompyuta zina mahali pa kuchagua izidishe mara mbili.

FundiSpoki:
Kasema pande zote mbili. Na hata za upande mmoja huzidisha zenyewe kabla ya kurusha. Ukizidisha kwenye kompyuta unaficha tatizo tu, siku pedali ya pili ikirudi hewani utasoma wati 400.

Kadensi90:
Kuhusu kutoonekana, mtuhumiwa wa kwanza ni simu. ANT+ ni kama kipaza sauti: kompyuta, saa na treina zote zinaweza kusikiliza kwa pamoja. Bluetooth ni mazungumzo ya wawili, na sensa nyingi hukubali mgeni mmoja tu, chache mpya mbili au tatu. Programu ya pedali uliyoifungua kuangalia famuwea ikibaki nyuma ya pazia, imeshika nafasi hiyo na kompyuta inabaki kugonga mlango. iPhone haina ANT+ kabisa, kwa hiyo kila inapozigusa pedali inapitia Bluetooth. Ifunge programu yenyewe, kufunga kioo hakutoshi.

Kitu kingine: treina nayo inarusha wati. Hakikisha kompyuta haijaisajili kama chanzo cha wati, la sivyo utalinganisha treina na treina.

GiaNdogo:
Asanteni sana, imekubali. Kwa ANT+ inasoma 204 hadi 207 treina ikiwa 200, uwiano 51/49. Sasa nani mkweli kati yao?

FundiSpoki:
Huenda wote wawili. Pedali zinapima kabla ya cheni, treina inapima baada yake, na cheni na gia hula asilimia 2 hadi 4. Pedali kusoma juu kidogo ndiyo inavyotakiwa. Zikisoma chini ya treina, hapo ndipo pa kushuku.

Kagua urefu wa krenki kwa kusoma namba iliyochongwa nyuma ya mkono, upande wa ndani karibu na pedali. Krenki ya 170 ikiandikwa 172.5, namba zinapanda kwa karibu asilimia 1.5, yaani wati 3 kwenye 200.

Kumbuka pia kwamba sifuri hurekebisha mahali pa kuanzia tu, haigusi kipimo chenyewe. Kama programu ya pedali inaonyesha torki (nguvu ya kuzungusha), weka krenki mlalo, funga breki ya nyuma, ning'iniza kilo 10 zilizopimwa kwa mizani nzuri kwenye pedali. Kwa 172.5 mm unatarajia 16.9 Nm, kwa 170 ni 16.7. Rudia upande wa pili.

Kadensi90:
Na baiskeli ikitoka mahali pa joto kwenda kwenye baridi, iache dakika 15 au zaidi kabla ya kuweka sifuri. Chuma kikiwa bado kinapoa, sifuri uliyoweka inahama ukiwa njiani.