Nina dredi na napiga chelo kwenye okestra. Ninyoe kabla ya usaili?

KigingiChaC
Wakuu, habari za jioni. Ni kijana wa miaka 27, mzaliwa wa Moshi, naishi Nairobi. Muziki nilianza na matarumbeta ya kanisa la Kilutheri (KKKT) kule nyumbani, chelo (kama fidla, ila kubwa, unaibana magotini) nimeijulia ukubwani. Mchana nafundisha watoto, jioni nina mazoezi ya okestra, na wikendi napiga harusini (harusi ndizo zinazolipa kodi ya nyumba).

Shida ni kichwa. Nimefuga dredi miaka mitatu, sasa zinafika mabegani. Hakuna aliyenisema hadi wiki mbili zilizopita. Tulikuwa kwenye sehemu ya polepole, watu wanapiga kwa kunong'ona. Nikainama kusoma mstari wa chini, dredi moja ikajisokota kwenye kigingi cha kukazia uzi wa C, kile kinachokaa karibu na sikio. Kuinua kichwa, kigingi kikazunguka nacho, uzi ukalegea na kutoa sauti kama ng'ombe mgonjwa. Okestra nzima kimya. Kondakta (wa okestra, si wa matatu) akasema mbele ya wote: "Kijana, chagua. Chelo au hizo kamba." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, ila usiku ule chakula hakikupita.

Mwezi ujao kuna usaili wa nafasi ya mkataba, na yeye ni mmoja wa wasaili. Mama naye amepata pa kushikia, kila akipiga simu anaanza na "umeshanyoa?" Nifanyeje? Nawasilisha.

Kikoi_Kuukuu
Nyoa mkuu. Nywele zitaota tena, mkataba hauoti.

Wakili_wa_Kijiweni
Asinyoe. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilimpa ushindi mwanafunzi aliyefukuzwa shule kwa sababu ya dredi. Mkumbushe huyo kondakta wako.

FidlaUgenini
Wakili, taratibu. Yule binti alishinda kwa sababu dredi zake zilikuwa za imani, ni Mrastafari. Mwenzetu amefuga kwa kuzipenda tu, hiyo ni kesi nyingine. Na hata ukishinda mahakamani, Jumatatu unarudi kukaa mbele ya mtu yuleyule.

Mimi napiga vayolini Ujerumani, mwaka wa 11 huu. KigingiChaC, uliza kwanza kama usaili una pazia. Okestra ya Boston ilianza kusaili watu nyuma ya pazia mwaka 1952, na miaka ya 70 mtindo ukaenea Marekani. Kuna wanaotandika hadi zulia ili viatu visimsaliti aliyevaa. Hapo dredi hazina kesi, anasikika mpigaji tu. Ila pazia mara nyingi hutolewa raundi ya mwisho. Huku kwetu ukishapita kuna kipindi cha majaribio, kwa kawaida mwaka mmoja, kisha wenzako wanapiga kura ubaki au uondoke. Mwaka mzima wanakutazama mgongo! Nimeona mtu akikataliwa kwa kuchelewa kugeuza kurasa, lakini kwa nywele bado sijaona.

Baragumu
Hao wanaokwambia unyoe waonyeshe Sheku Kanneh-Mason. Chelo hiyohiyo, afro kichwani, alishinda shindano la BBC la wanamuziki vijana 2016, na 2018 akapiga kwenye harusi ya Harry na Meghan dunia nzima ikitazama. Steven Isserlis je? Mzee ana mvi za kujikunja kama kondoo, chelo yake haina shida. Dudamel naye ameongoza okestra ya Los Angeles na kichaka chake.

FidlaUgenini
Baragumu, wote hao wanakaa mbele peke yao. Anayepiga solo au kuongoza, nywele zinamuuza. Mkaa safu ya tatu analipwa ili asionekane: suti nyeusi, upinde (ile fimbo ya kusugulia nyuzi) uende juu pamoja na wenzake, ushuke nao. Sisemi ni haki. Nasema ndicho anachokiona kondakta akiinua macho.

BiMkasi
Mdogo wangu, nina saluni na kichwa changu kina dredi mwaka wa tisa. Kosa lako ni kuziachia. Zikusanye zote nyuma, chini kabisa kwenye kisogo, ufunge kwa kitambaa cheusi, si mpira, maana mpira unakata. Usifunge utosini, walioko nyuma yako watamuonaje huyo kondakta? Toa shanga na vile vipete vya chuma. Retwisti (kusokota upya mizizi ya dredi) fanya siku nne au tano kabla, ngozi ya kichwa itulie, usije ukakunja uso wasaili wakadhani wimbo umekushinda. Na mafuta unapaka gani?

KigingiChaC
Ya nazi dada, kila asubuhi. Naona na upinde siku hizi unateleza, natia rosini (ule utomvu mkavu wa kuupaka upinde ushike) lakini haushiki uzi. Nilidhani rosini ni feki.

FidlaUgenini
Mafuta hayo! Nywele za upinde ni singa za farasi. Zikigusa mafuta, rosini haishiki, na upinde usioshika hautoi sauti hata ukandamize vipi. Kondakta amekusema kwa dredi ilhali kinachokuangusha ni nazi. Paka usiku, asubuhi nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika upinde, na usiuegemeze begani.

Kuhusu kigingi, mpelekee fundi. Wapo wapigaji chelo wanaokatisha kile cha C ili kisiwachome shingoni, wanakazia uzi kwa ufunguo mdogo. Ukishakatisha, kitu cha kunasa dredi hakipo.

KigingiChaC
Asanteni sana wakuu. Leo nilifunga kisogoni kama alivyosema BiMkasi, nikapiga saa mbili bila kunaswa. Kondakta alinitazama mara moja, akaendelea na kazi yake. Mama sijamwambia. Swali la mwisho: hizi singa zenye mafuta naweza kuzifuta kwa spiriti, au ndiyo basi tena?

FidlaUgenini
Ikiwa ni sehemu ndogo, fungua screw ya upinde, singa zitoke mbali na mti, futa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, acha zikauke ndipo utie rosini. Spiriti isiguse mti, itakula vanishi. Ikiwa mafuta yameenea, badilisha singa zote, na ufanye hivyo wiki hii. Singa mpya zinahitaji siku kadhaa za kupigwa kabla hazijakaa sawa.